Akipanga chumba Sinza, tutamshtaki kwa lipi?

Juzi kwenye kongamano la wanasheria pale Posta, mzungumzaji mmoja ninayemheshimu sana aliulizwa kwa nini Tanzania haina sheria ya mauaji ya kimbari. Akajibu, "Kuua ni kuua. Kanuni ya Adhabu inatosha." Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilitoka na hasira ambayo hadi leo haijapoa.

Tuliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague, Agosti 2002. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari tuko ndani yake tangu 1984. Lakini kuridhia hakumpi jaji wetu kosa la kumsomea mtu kizimbani. Hadi Bunge litunge sheria, na halijatunga. Kenya walitunga 2008, Uganda 2010.

Haya, tuipime hiyo "kuua ni kuua". Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Tuliwapokea, na naionea fahari nchi yangu kwa hilo. Ila kambini Benaco walijichanganya pia watu waliotoka kuua majirani zao. Tuseme polisi wetu wamemkamata mmoja wao, ushahidi upo, mjane wa marehemu yuko hema la pili. Wamshtaki kwa lipi? Kanuni ya Adhabu inashika kosa lililotendwa ndani ya mipaka yetu, au na raia wetu akiwa nje. Mnyarwanda aliyemuua Mnyarwanda mwenzake Kibungo, ndani ya Rwanda, hamo. Utamfukuza nchini, au utamrudisha kwao wakimwomba. Na kama wanaotawala kwao ndio waliomtuma, nani atamwomba? Leo mtu wa namna hiyo akitokea Kivu, mashariki mwa Kongo, akapanga chumba Sinza, tutakwama palepale tulipokwama 1994.

Senegal yaliwakuta. Hissène Habré, aliyeitawala Chad kwa mateso na mauaji, alikimbilia Dakar akaishi kwa raha zake. Waathirika walipomfungulia kesi, mwaka 2001 mahakama ya juu ikasema haina mamlaka juu ya makosa aliyoyatenda Chad. Sheria ikarekebishwa 2007. Mwaka 2010 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema Senegal haiwezi kumhukumu kwa sheria iliyokuja baada ya tendo, ila kwa mahakama maalumu. Alitiwa hatiani Mei 2016. Waathirika wengine walishazikwa.

Na Wakenya? Sheria yao ilianza kutumika 1 Januari 2009, watu zaidi ya 1,100 wakiwa wameshauawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Sisi tuna Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba: mtu haadhibiwi kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa kisheria. Ibara nzuri, nisingependa mtu aiguse. Lakini maana yake ni kwamba sheria tutakayoitunga baada ya damu kumwagika haitawafaa waliomwaga machozi. Lazima itangulie.

Nakubali, shingo upande, kwamba sheria peke yake haiharakishi haki. Uganda walimkamata Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA, 2009, wakamtia hatiani 2024. Na wanaosema Hague imeiandama Afrika nawaelewa. Basi tuwe na sheria yetu, kesi isikilizwe hapa, shahidi aeleze kwa Kiswahili.

Kinachoniuma zaidi ni Arusha. Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, alisomewa hukumu yake Arusha, Septemba 1998. Ni kwetu! Mahakama ile, ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda, ilikaa kwetu hadi ilipofungwa Desemba 2015, ikaacha maktaba nzima ya hukumu. Nchi nyingine zimezisoma hukumu hizo na kuzitumia. Bunge letu halijachota hata kifungu kimoja.

Muswada uletwe. Uwe na makosa yenyewe, na mamlaka juu ya yeyote atakayekutwa nchini, awe katenda wapi. Umfikie na kamanda aliyejua, akaweza kuzuia, akanyamaza, maana Kanuni ya Adhabu inamfikia aliyeua na aliyemtuma, aliyenyamaza haimgusi. Na Ibara ya 46, inayomkinga Rais hata akishatoka Ikulu, ijadiliwe waziwazi bungeni, bila kunong'ona. Wakenya waliliandika hilo katika Ibara ya 143(4) ya Katiba yao ya 2010: kinga ya Rais haifiki kwenye kosa ambalo mkataba waliouridhia hauruhusu kinga.