Amri na Ridhaa katika Uingereza ya Vita

Tarehe 22 Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa yamekwisha kufika pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku moja tu sheria iliyoipa serikali mamlaka juu ya watu na mali zao. Ernest Bevin, Waziri wa Kazi aliyetokea katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, akapata uwezo wa kumpangia karibu kila mtu kazi. Julai mwaka huohuo Amri Namba 1305 ikapiga marufuku migomo, vyama vyenyewe vikiridhia. Je, nchi ile ilisimama kwa nguvu ya amri au kwa ridhaa ya wananchi?

Wanaoegemea amri wana hoja nzito. Mwanzoni mwa vita wachimbaji wengi wa makaa ya mawe waliachwa waende jeshini au katika viwanda vya silaha vyenye mishahara minono, na uzalishaji wa makaa, yaliyoendesha viwanda na reli, ukashuka. Desemba 1943 ikabidi ipigwe kura: kijana aliyeitwa jeshini, namba yake ya usajili ikiishia na tarakimu iliyotoka, alipelekwa mgodini, apende asipende. Wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30 nao walikuwa wamekwisha kuingizwa katika sheria ya kuandikishwa tangu Desemba 1941. Hiari peke yake isingejaza nafasi hizo.

Hata hivyo, ukomo wa amri ulionekana Januari 1942 katika mgodi wa Betteshanger, Kent. Wachimbaji waligoma kwa sababu ya malipo ya kuchimba sehemu ngumu. Viongozi 3 wa tawi la chama chao wakafungwa, na wachimbaji wapatao 1,000 wakatozwa faini, ambayo wasiofika 10 ndio walioilipa. Kuwafunga wote kungewezekana kisheria, lakini makaa yangechimbwa na nani? Mapatano yalisainiwa gerezani, na viongozi wale wakaachiwa kabla ya kumaliza vifungo vyao.

Kwa hiyo naona mgawo wa chakula, ulioanza tarehe 8 Januari 1940, unaeleza mengi kuliko mahakama. Watu waliuvumilia kwa kuwa kuponi za tajiri hazikumpa siagi zaidi ya za maskini. Palipokuwa na upenyo, manung'uniko yalizuka: mwenye fedha aliweza kula hotelini bila kutoa kuponi, hadi serikali ilipoweka kikomo cha shilingi 5 kwa mlo mwaka 1942 (ingawa hoteli za kifahari, kama kawaida, ziliruhusiwa kutoza ziada).

Amri Namba 1305 iliendelea kutumika hata baada ya vita. Mwaka 1951 serikali ilijaribu kuitumia dhidi ya viongozi wa wafanyakazi wa bandarini. Kesi ikaporomoka, na amri ikafutwa mwaka huohuo.