Agile haijakataza mtu kuandika

Nimesikia tena ile kauli kwenye kikao cha asubuhi, "sisi tunafanya Agile, hatuandiki nyaraka," (Agile ni ule mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupifupi) na aliyesema ni timu lida mwenyewe, watu wakatikisa vichwa tukahamia tiketi inayofuata, yaani kazi inayofuata kwenye orodha. Imenikera mpaka leo.

Jamani, ile ilani ya Agile ya 2001 ya wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, inatanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka za kila kitu, halafu mwishoni inasema wazi kwamba hivyo vilivyowekwa nyuma navyo vina thamani. Someni mpaka mwisho basi.

Sasa cha kuandika ni kipi? Mimi nasema andika sababu. Msimbo wa programu ukiusoma kwa utulivu utajua unafanya nini, ila kwa nini unafanya hivyo haukwambii. Kuna mfumo wa malipo ya simu niliwahi kuufanyia kazi, ulikuwa na mistari michache tu, ikiingia taarifa ya malipo unaangalia kwanza kama namba ya muamala ipo tayari, ikiwepo unaiacha. Developa mpya akaona hiyo ni kazi bure inachelewesha mfumo, akaitoa, na majaribio yote yakapita. Kumbe mtandao ukikatika kabla jibu letu halijafika, upande wa pili unatuma taarifa ileile tena! Wateja wakaingiziwa salio mara mbili, watu wa uhasibu wakakesha wanalinganisha miamala mmoja mmoja. Aliyeandika ile mistari alishaacha kazi zamani, na sababu akaondoka nayo. Lawama zote akabebeshwa yule kijana, na alionewa, maana sentensi mbili tu juu ya ile mistari zingemtosha.

Michael Nygard, mtaalamu wa programu, alishaonyesha njia tangu 2011, kila uamuzi mzito unaandikiwa faili fupi humohumo kwenye repo, yaani ghala la msimbo: hali ilikuwaje, tumeamua nini, kitafuata nini. Mkibadili mawazo ile ya zamani haifutwi, inawekewa alama kwamba imepitwa na mpya inaandikwa.

Picha za kila skrini achaneni nazo, sprinti mbili tu (vile vipindi vifupi vya kazi) zimeshabadilika. Na sawa, nakubali, waraka uliopitwa na wakati unapotosha watu vibaya sana.

Ila hili la "hatuna muda" silikubali. Tiketi iliyobeba uamuzi kama ule isifungwe mpaka sababu yake iandikwe, na anayekagua msimbo awe na haki ya kuirudisha kwa hilo tu.