Shirika la sola linapotoza ada, nani anaonewa?

Swali hili huulizwa karibu kila mkutano wa kijiji huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, shirika la umeme wa jua linapokuja kujitambulisha. Mzee mmoja anasimama, anavua kofia, anamsalimia mwenyekiti, kisha anasema: "Hawa hela wamepewa na wafadhili. Sasa mbona wanatutoza tena sisi?" Watu wanapiga makofi. Mkurugenzi wa shirika, mara nyingi kijana msomi aliyefika na boti kutoka mjini, anajibu kwa maneno ya kwenye andiko la mradi: uendelevu, umiliki wa jamii. Wanaomsikiliza wanaondoka na hakika moja tu, kwamba kuna mtu anakula.

Mkurugenzi huyo anaonewa, japo kujitetea hajui. Lakini hoja ya mzee ni nzito kuliko wakurugenzi wengi wanavyotaka kukubali, kwa hiyo tuanze nayo.

Ule usemi kwamba cha bure hakithaminiwi ulishapimwa, ukashindwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio la vyandarua kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo. Bei ilipotoka sifuri hadi kama senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walikitumia sawasawa na walionunua. Rwanda nako, watafiti walipopima kaya za vijijini ziko tayari kutoa kiasi gani kwa vifaa vya sola, kiasi hicho kilikuwa chini ya bei ya dukani, hata kaya zilipoongezewa muda wa kulipa. Kwa hiyo mkurugenzi anayesema tunatoza ili watu wathamini, anyamaze. Bei inawaacha maskini nje, na ushahidi upo.

Kigoma tuna sababu yetu ya ziada. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, na hata kabla yake wakati wa wakimbizi wa Burundi, tumezoea kuona magari meupe yanakuja kugawa. Mkazi wa Makere ameishi jirani na kambi karibu miaka 30, ameona misitu ikikatwa kuni, na ameona taa za sola zikigawiwa ng'ambo ya pili bila mtu kutoa senti. Leo shirika jingine linamfuata yeye na daftari la malipo. Akikasirika, nani wa kumlaumu?

Lakini chandarua hakina betri.

Hapo ndipo hoja ya bure inaponikwama. Kuna zahanati moja ya Uvinza, jina tuliache. Paneli zake nne ziko juu ya bati, zimeinamia kaskazini kama inavyotakiwa, na bado zinang'aa. Nyuma ya mlango wa stoo kuna betri mbili zilizovimba mbavu, vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye ukijani. Kontrola, kile kifaa kinachozuia betri isinyonywe kupita kiasi, iliungua zamani. Mtu fulani akairuka, akaunganisha waya moja kwa moja ili televisheni iwake mpira ukichezwa, na betri zikawa zinanyonywa hadi tone la mwisho kila usiku. Maji yalipopungua ziliongezwa ya kisima, kwa sababu maji ya betri yanauzwa mjini. Sasa juu yake pamekaa ndoo na kata. Muuguzi anazalisha kwa tochi ya simu, na simu yenyewe anaichajisha kibandani kwa shilingi 500.

Hakuna aliyeiba pale. Mfadhili alileta vifaa vizuri, picha zikapigwa, ripoti ikafungwa. Tatizo ni kalenda. Paneli hukaa miaka 20 na zaidi, wakati betri ya madini ya risasi, ikitunzwa, hukaa mitatu hadi mitano. Miradi mingi huisha ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo betri inakufa wakati mradi umeshaondoka. Kwenye karatasi za wafadhili zahanati ile inahesabika ina umeme mpaka leo. Na huo usawa wa kugawa bure tunaoupigia makofi siku ya makabidhiano, ukifika mwaka wa nne hauna mtu wa kumpigia simu.

Mwaka huo wa nne ndio unaonishughulisha, na kwa maoni yangu ndio unaomtofautisha kiongozi wa shirika na mgawaji. Fundi wa kutoka Kigoma mjini kwenda Kalya anataka nauli ya boti, pa kulala, posho, na kifaa cha kubadilisha mkononi, la sivyo anaenda kutazama tu. Afadhali awepo fundi hukohuko kijijini, lakini naye anakula. Watu wanapenda kusifia akina mama wa sola waliofundishwa na Barefoot College, asasi ya Tilonia kule Rajasthan, India, ambayo kwetu ina kituo Kinyasini, Zanzibar. Ni kweli, mwanamke asiyesoma sana anafundishwa kufunga na kutengeneza mitambo, anarudi kuwasha kijiji chake. Kinachosahaulika kwenye sifa hizo ni kwamba mpango wenyewe unataka kila kaya ichange kila mwezi kupitia kamati ya kijiji, na mchango huo ndio unaomlipa mama huyo. Ukiondoa ada, umebaki na mama mwenye cheti na bisibisi.

Tulishaona pia bei ikishushwa kwa amri. Mwaka 2020 serikali iliagiza waendeshaji wa gridi ndogo, yaani mitambo binafsi ya umeme wa vijijini, wauze uniti kwa shilingi 100, sawa na TANESCO, shirika la umeme la serikali. Kabla ya hapo walikuwa wakiuza kwa bei ya juu mara nyingi zaidi, na malalamiko ya wananchi yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini agizo lilikuja bila fedha ya kuziba pengo. Wateja wa siku ile walifurahi, na haki yao. Wawekezaji nao wakaacha kupanuka, na kijiji kilichokuwa kinafuata kwenye foleni hakikuitwa mkutanoni kuulizwa.

Sasa nirudi kwa mzee na swali lake, maana linaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Hadi mwaka 2022 Kigoma ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Tulikuwa tunawashiwa majenereta ya dizeli, umeme ambao TANESCO ilizalisha kwa gharama kubwa kuliko bei iliyotuuzia. Sisi wa mjini tulinunua luku kwa bei ileile ya Dar es Salaam, tofauti ikalipwa na wengine, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyesimama mkutanoni kuuliza kwa nini tunabebwa. Kijijini leo kuvutiwa umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni shilingi 27,000, kiasi ambacho hakilipi hata nguzo. Asiye na wayaringi anaweza kuwekewa kile kiboksi cha UMETA. Akitumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti anaipata kwa shilingi 100 kabla ya makato. Yote hiyo ni ruzuku, na ni ruzuku nzuri.

Ila inaishia pale nguzo ya mwisho ilipochimbiwa. Tunaambiwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Takwimu hiyo nimeitafakari sana, kwa sababu haina uongo ila inaficha mengi. Kijiji kimefikiwa maana yake waya umefika kijijini, kwa kawaida kwenye shule, zahanati na maduka ya katikati. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na karibu nusu ndivyo vilivyokuwa na umeme vijiji vilipokuwa vinakamilika kuhesabiwa. Hata ndani ya kitongoji chenye umeme, nyumba zilizovutiwa ni suala jingine. Mtu wa kitongoji cha mlimani anahesabiwa kuwa na umeme kwa sababu ya nguzo iliyo mwendo wa saa mbili kwa mguu. Akitaka mwanga, ananunua paneli, betri na taa kwa bei kamili. Jirani wa barabarani amebebwa na nchi nzima, wa mlimani anajibeba, na lawama anatupiwa mkurugenzi wa shirika kwa sababu ndiye pekee aliyepanda kilima.

Makampuni ya sola ya lipa kidogo kidogo yangeweza kumfuata huyo wa mlimani, lakini biashara inataka wateja waliokaribiana na barabara inayopitika. Hata Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi nchini, ilifilisika mwaka 2019 ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Kule pasipo na faida ndiko kazi ya asasi ilipo.

Hilo halimpi mkurugenzi ruhusa ya kutoza ovyo. Kosa kubwa ninaloliona mara kwa mara ni kalenda ya malipo iliyonakiliwa kutoka kwa watu wa mishahara. Mvuvi wa dagaa wa Katonga au Kibirizi anavua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali anakaa nchi kavu siku kadhaa na mfuko ni mtupu. Mwaka 2024 ziwa upande wetu lilifungwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mfumo wa malipo ya kila wiki, unaojizima wenyewe simu isipotuma hela, unamwingiza mtu huyo gizani kwa kosa la kutii sheria. Shirika linaloitwa la usawa likishindwa kuona hilo, basi mzee wa kofia yuko sahihi. Mkulima wa mihogo na michikichi ana misimu yake, wa tumbaku wa Urambo ana wake wa masoko. Kupanga ada ifuate misimu hiyo ni kazi ya kuchosha ya ofisini, haipigiwi picha, na ndiyo ningempimia kiongozi.

Ningempimia pia daftari. Kama ada ni ya betri na fundi, kiasi kilichokusanywa kibandikwe kwenye ubao wa serikali ya kijiji, hela ikae kwenye akaunti ya kamati, na gari la mkurugenzi lisitokee humo. Zahanati na shule zisichangiwe na mgonjwa wala mwanafunzi. Betri ya zahanati iwe kwenye bajeti ya halmashauri kama dawa zilivyo.

Inabaki kaya isiyoweza kulipa hata hiyo ada ndogo. Wapo wanaosema mkutano wa kijiji uchague wa kusamehewa. Mimi sikubaliani, kwa sababu tunajuana, na ndugu wa mwenyekiti hawakosi kwenye orodha. Kuna orodha ya walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ofisini kwa mtendaji. Ina marehemu ndani yake, na ina maskini waliorukwa, lakini ilishagombaniwa hadharani na inaweza kusahihishwa bila kuanza upya. Wa kwenye orodha hiyo wapewe mtambo bure na huduma bure, na gharama yao ilipwe kutoka kapu lilelile linalolipia nguzo za REA.