"Usimtaje mama yake"

Kwetu Uchagani marehemu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mwaka jana nilitembelea kikazi nyumba moja kule juu ya Moshi, miezi mitano baada ya msiba. Binti wa darasa la pili alikuwa anafagia kando ya kaburi la mama yake. Bibi alipoitikia shikamoo yangu alinivuta pembeni: "Mwanangu, usimtaje mama yake, usiku mtoto halali usingizi."

Nikatii. Nikajaza fomu: sare, madaftari, chakula, bima. Kuhusu yale mtoto anayoyaota usiku, fomu haina hata mstari mmoja.

Na kinachoniuma ni kwamba jambo hili, namna ya kumsaidia mtoto aliyefiwa, limeshachunguzwa hapahapa Moshi. Watu wa kawaida wasio na taaluma ya afya ya akili walifundishwa, wakawa na msimamizi, wakakaa na watoto 64 waliofiwa na wazazi, katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Walezi nao walikuwa na kikundi chao. Mtoto alianza kwa kujifunza kuutuliza mwili, kisha kidogokidogo akasimulia kifo chenyewe, yaani lile neno ambalo nyumbani halitajwi. Majonzi na kiwewe vilipungua. Matokeo yalichapishwa 2014. Baadaye ukafanyika utafiti mkubwa zaidi wa watoto 640, wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, wengine wakipewa tiba hiyo na wengine wakiachwa na huduma za kawaida. Huo ulichapishwa 2020.

Sitaupamba. Tiba ilipomalizika, Moshi mjini waliotibiwa walikuwa na nafuu zaidi. Vijijini kwetu tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye watoto wa Moshi wa makundi yote mawili walikuwa wamelingana. Bungoma, ambako watoto walikuwa na maisha magumu zaidi, faida ilidumu.

Wenzangu kazini husema: basi, muda huponya wenyewe. Siwezi kukubali. Mwaka wa mtoto wa miaka 8 ni darasa zima, ndio mwaka wa kujua kusoma au kuachwa nyuma. Na Bungoma inatuonyesha wa kuanza nao: wale waliofiwa ambao maisha pia yamewabana. Tunao, majina yao yamo katika mafaili yetu. Mwalimu wa malezi na unasihi yupo shuleni, mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupo mtaani. Wafundishwe, na msimamizi wao alipwe, kwa sababu bila usimamizi hata mafunzo mazuri huishia kwenye cheti cha ukutani.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule bibi. Nikamweleza niliyosoma, nikaomba ruhusa nimwulize mjukuu wake jina la mama yake na alipenda kupika nini. Alikaa kimya muda mrefu, akichambua maharage.

"Mwulize," akasema. "Lakini na mimi nikae hapo."