Pikseli Yangu Imehama

Mke wangu anajua ile monita ni laki tatu na nusu. Ni milioni moja na laki mbili. Mkiona nimepotea mwezi mzima, mjue amesoma hapa.

Nilikuwa nimejiapiza sitauziwa mbuzi kwenye gunia. Hizi monita za gemu za bei kali zina mambo yake. Unaweza kutoa hela ya ng'ombe ukaletewa kioo kilichorudishwa na mteja mwingine, kikapanguswa vumbi na kufungwa upya. Au ukapata kile kinachovujisha mwanga pembeni: ukiingia sehemu ya giza kwenye gemu, kona inawaka kama karabai za wavuvi wa dagaa ziwani. Sisi wa Kigoma karabai tumezizoea, lakini za majini, si za sebuleni.

Basi mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,000, mimi usingizi sina. Ulipofika mtaani kwetu Mwanga nikamwita mdogo wangu arekodi video tangu boksi likiwa bado na gundi, uwe ushahidi. Nikalinganisha namba ya kwenye boksi na ya mgongoni mwa monita. Nikaziba dirisha kwa kitenge cha mke wangu, nikaweka picha nyeusi tii kutafuta mwanga unaovuja. Hakuna. Nikaweka nyeupe, kisha nyekundu, kijani, bluu, maana kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, imeundwa kwa vijisehemu vya rangi hizo tatu na kimoja kinaweza kufa wenzake wakiwa hai. Kioo cha 2560 kwa 1440 kina pikseli 3,686,400. Nilizipitia kama karani wa sensa. Zote zilikuwepo nyumbani.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha, ikakatika, nikafungua dirisha kupata hewa. Niko katikati ya mapambano, naona nukta nyeusi juu kulia, kwenye anga. Nikaifuta kwa shati. Haitoki. Nikaongeza mate. Haitoki. Jasho likanitoka mimi.

Saa tano usiku nikampigia kijana wa dukani. Duka silitaji, na mkifika mwisho mtaona hawakuwa na kosa.

"Mmeniuzia kioo chenye pikseli mfu!"

"Pole kaka. Ila pikseli moja watengenezaji wengi hawabadilishi, mpaka zifike idadi fulani."

"Wewe ukinunua ndoo ya dagaa ukakuta mmoja kaoza, utanyamaza?"

"Mmoja kwenye ndoo? Kaka, mimi hata sitamwona."

Akaniomba picha ya kioo chote, na ukurasa wa mipangilio uonekane. Nikatuma. Akajibu: "Nukta nimeiona. Lakini mbona umeiacha kwenye Hz 60?"

Hapa nipite haraka haraka. Nilinunua monita ya Hz 240, yaani picha inabadilika mara 240 kwa sekunde, na kwa siku tatu nilikuwa nawaambia watu wa steshenari ninakofanya kazi kwamba macho yangu hayawezi tena kurudi kwenye kompyuta za kawaida. Kumbe kompyuta ilikuwa bado inaiendesha kwa 60, sawasawa na lile kopo la ofisini. Inabidi uingie mwenyewe kwenye mipangilio uchague. Nikachagua. Sikumwambia mtu.

Asubuhi nikatuma na video. Kijana akapiga mwenyewe, sauti ya upole kama daktari.

"Kaka, jana pikseli ilikuwa juu kulia?"

"Ndiyo."

"Leo iko chini, karibu na saa?"

"Ndiyo."

"Sasa kaka, maiti gani hiyo inatembea?"

Nikasikia simu inapitishwa kwa wenzake, duka zima linacheka. Nikasogeza uso kwenye kioo. Nukta ilikuwa na miguu. Kadudu kadogo kuliko ncha ya sindano kalifuata mwanga, kakapenya kwenye matundu ya nyuma ya kutolea joto, kakaingia kati ya kioo na karatasi zinazotawanya mwanga. Mimi ndiye niliyekafungulia dirisha.

"Usikabonyeze," akasema. "Kakifia humo kanagandia hapohapo. Zima monita, weka taa ubavuni, katatoka kenyewe kufuata mwanga."

Yaani nivue dagaa mezani. Nikazima, nikaegesha tochi kwenye ukingo, nikakaa gizani nikisubiri. Baada ya saa nzima nikawasha kuangalia maendeleo, nikaweka picha nyeupe. Kadudu kalikuwa kamegeuza safari, kako katikati kabisa, kamesimama kama kanatafakari.

Hapo ndipo hodi ikasikika. Mama mkwe, kutoka Ujiji, na chupa ya mawese na migebuka mikavu. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikaupeleka jikoni. Dakika moja tu. Nikiwa kule nikasikia sauti ya mtu aliyetenda wema:

"Baba Jamila, kuna mdudu huku! Nimeshakuulia."

Nikarudi. Alama ya dole gumba, rangi ya mawese, katikati ya milioni moja na laki mbili. Nikaifuta. Mawese yakatoka. Kadudu hakakutoka.

Ingekuwa mdogo wangu ningempigia kelele mpaka zifike Kibirizi. Lakini ni mama mkwe, na mimi hata kumtazama usoni sijazoea. Nikainamisha kichwa. "Asante sana, mama."

Nikapiga dukani kuulizia waranti. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi. "Kaka, waranti yetu haifiki kwa mama mkwe."

Kadudu kako pale mpaka leo, mahali palepale pa alama ya kulengea. Mdogo wangu akija kucheza, risasi kumi za kwanza anakapiga kenyewe akidhani ni adui wa mbali.

Wiki iliyopita mama mkwe amekuja tena. Akakitazama kioo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Baba Jamila, na wewe kioo hukifuti?"

Akakunja ncha ya kanga, akaitemea mate, akasogea mezani.

"Asante sana, mama," nikasema.