Mwanangu ni mrefu, lakini ana miaka miwili tu

Jamani wazazi wenzangu mlioko nje, na ninyi mlioko nyumbani pia, naomba niliseme hili maana limenikaa kooni tangu mwaka jana. Nina mtoto wa kiume, Novemba katimiza miaka miwili, na siku ya kupimwa hapa Columbus, Ohio, Marekani, nesi alimsimamisha ukutani akashusha kile kibao mpaka kikamgusa utosini, akasoma inchi 37. Yaani sentimita 94. Akarudia. Akamnyoosha magoti, akamrudisha visigino ukutani, akapima mara ya tatu, afu akaandika bila kusema neno, na mimi moyo ukaanza kwenda mbio maana mtu wa hospitali akikaa kimya maneno unayajaza mwenyewe.

Daktari alipoingia akageuza kompyuta ili nione. Ile chati ina mistari imepinda kama upinde, na kidoti cha mwanangu kilikuwa juu ya mstari wa mwisho kabisa. Akanielewesha vizuri tu, kwamba ukiwapanga watoto wa kiume 100 wa umri wake kwa urefu, yeye yuko mwisho kule kwa warefu, wa katikati ana sentimita 87 hivi. Nikamuuliza kwaiyo ni ugonjwa? Akaniuliza baba yake ana urefu gani na mimi nina urefu gani. Mume wangu ni 191, mimi 170. Akajumlisha, akaongeza 13 kwa sababu ni wa kiume, akagawa kwa mbili, ikaja 187. Akasema mama, huyu anaelekea kule kule mlikotoka ninyi. Halafu akanionyesha vidoti vya nyuma, tangu miezi tisa mtoto yuko kwenye njia yake ile ile, hajaruka. Akasema kinachowashtua wao ni mtoto aliyekuwa anatembea na mstari wake afu baada ya miaka miwili mitatu anauacha na kupaa ghafla, au mtoto anayeanza dalili za kubalehe mapema, wa kike kabla ya miaka 8 na wa kiume kabla ya 9, hapo ndo wanapiga eksirei ya mkono wa kushoto kuangalia mifupa ina umri gani. Wangu hakuhitaji hata hiyo eksirei.

Kwa hilo nawashukuru sana watu wa huku, nasema kabisa. Kadi yangu mimi ya kliniki mama kaitunza mpaka leo kwenye sanduku kule Muheza, ina uzito tu, urefu haupo hata mara moja. Huku kila ukienda wanapima uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, na mtoto akikua vibaya au akikua kupita kiasi wataona mapema.

Lakini karatasi ya daktari inaishia mlangoni kwa daktari. Ukitoka nje pale kwenye maegesho hakuna anayeiona. Watu wanaona urefu, na urefu ule kwao ndo umri.

Nitoe mfano. Septemba, kabla hajafika hata miaka miwili, tulikuwa pale kwenye bembea za mtaani kwetu, yuko kwenye mchanga, akachukua kijikoleo cha mtoto mwingine kama wanavyochukua watoto wote wa umri huo, hawajui hata neno "changu". Mama wa yule mtoto akamwinamia mwanangu, sio mimi, mwanangu, akamwambia kwa sauti kavu kabisa kwamba mvulana mkubwa kama wewe unatakiwa ujue tabia njema. Mtoto akamtazama, akatabasamu, akampa koleo akidhani wanacheza. Nikamwambia yule mama ana miezi 22. Akaniangalia, akamwangalia tena mtoto kuanzia miguuni, na niliona kabisa hajaniamini.

Hilo la kupita. La deikea, yaani kule anakolelewa mchana, ndo liliniumiza. Alikuja mwalimu mpya, na kila jioni nikienda kumchukua nakuta kijikaratasi: hajibu maswali, hawezi kuvaa viatu mwenyewe, analia bila sababu, hasubiri zamu yake. Wiki mbili nzima. Mume wangu anafanya kazi usiku kwenye ghala, asubuhi akirudi tunakaa tunasoma vile vijikaratasi tunaulizana mtoto ana tatizo gani, labda ni lugha mbili zinamchanganya, maana nyumbani tunaongea Kiswahili tupu, labda tumemdekeza. Mpaka siku moja nikamuuliza yule mwalimu, samahani, unajua huyu ana miaka mingapi? Akasema mitatu na nusu? Mwanangu alikuwa na miezi 23. Yaani tarehe ya kuzaliwa iko kwenye faili hatua tatu kutoka pale aliposimama, na hakuifungua kwa sababu macho yake yalishamjibu. Aliomba radhi, na vijikaratasi vilikoma siku ile ile, mtoto ni yule yule hajabadilika hata kidogo.

Na nguo nazo zinachangia, huku nguo za watoto zimeandikwa umri, mwanangu anavaa za miaka minne kwaiyo hata kola yake inamsingizia. Nyumbani mtumbani unaishika nguo, unaiweka mgongoni kwa mtoto, ikimtosha imemtosha.

Wengine wanasema kwa upendo, najua. Wakisikia tumetoka Tanzania, mwenye kufuatilia basketi lazima ataje Hasheem Thabeet, yule kijana wa Dar aliyechaguliwa namba mbili kuingia NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, mwaka 2009 akaenda timu ya Memphis Grizzlies, futi saba na inchi tatu, nami naona fahari maana ndo Mtanzania wa kwanza kucheza ile ligi. Ila mtoto bado ana pampasi mwacheni kwanza ajue kupanda ngazi.

Sasa niseme lile ambalo kinamama wa Kiafrika huku tunaliongea kwa sauti ya chini jikoni. Mwaka 2014, jimbo hili hili la Ohio, pale Cleveland, polisi walimpiga risasi Tamir Rice. Alikuwa na miaka 12, ana bunduki ya kuchezea, na kwenye redio polisi wakaripoti kwamba aliyepigwa ni mwanaume mweusi, labda wa miaka 20. Mtoto wa darasa la sita aliongezewa miaka minane na macho ya watu. Mwaka 2017 chuo kikuu cha Georgetown walitoa ripoti wakaonyesha hata watoto wa kike weusi, kuanzia miaka mitano tu, wanaonekana wakubwa kuliko wenzao wazungu na wanadhaniwa hawahitaji sana kubembelezwa. Kwaiyo mtu akiniambia mwanangu mkubwa kwa umri wake mimi sisikii sifa peke yake. Yule mama wa kwenye mchanga hakuwa mtu mbaya, ila mwanangu akiwa na miaka 10 na urefu wa mtu mzima, watakaokosea umri wake hawatakuwa wanagombania koleo.

Desemba tukaenda nyumbani. Korogwe kwa mama mkwe wangu. Nilikwenda na hofu zangu zote kwenye begi, na nikakuta urefu wa mwanangu kule una mwenyewe. Tumeshuka tu kwenye gari, mama mkwe akamtazama, akaweka mkono kifuani, akasema "Mashallah, kamchukua babu yake," basi, mjadala ukafungwa. Marehemu baba mkwe alikuwa hapiti mlango wa jikoni mpaka ainame, mtaa mzima wanakumbuka, kwaiyo kila aliyekuja kutusalimia alisema hilo hilo, mwendo wa babu yake, miguu ya babu yake, mpaka mume wangu akatoka nje kidogo kufuta macho. Huku Columbus hakuna aliyemjua babu, kwaiyo urefu unabaki swali la kujibiwa na daktari.

Na kule umri wake unajulikana bila faili. Jirani kajifungua wiki moja na mimi, kwaiyo watoto wale wakilinganishwa wanaitwa mapacha ingawa mmoja anamfika mwenzie kifuani. Bibi yake anamwita "mume wangu", anampaka wanja kwenye paji la uso kumkinga na jicho la watu, mimi nikanyamaza nikamwacha, maana niliona nia yake. Akianguka akilia hakuna anayemwambia jitu zima. Kuna binti wa wifi yangu ana miaka saba, mwembamba, alikuwa akimbeba mgongoni na kanga kutoka kisimani mpaka barazani, miguu ya mwanangu inaning'inia mpaka kwenye magoti ya yule binti, kichwa kimelala begani, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Nilipiga picha. Nikakumbuka kwamba huku ninapoishi nilikuwa nimeanza kuona aibu kumbeba hadharani.

Lakini nisiwadanganye kwamba nyumbani ni pepo. Konda wa Korogwe kwenda Tanga alitaka nauli ya mtoto, anasema huyo mwanafunzi, tukabishana mpaka abiria wakaingilia. Shangazi wa mume wangu alinisema kila siku kwa sababu ya pampasi. Na kubwa kuliko yote ni ile habari ya sikio. Wa rika langu mnaijua, unazungusha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili basi umefika umri wa shule. Kaka yangu alikuwa mrefu, mkono ukafika ana miaka mitano, akaingizwa darasa la kwanza na watoto wa miaka saba na minane. Alikaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu, haoni ubao vizuri, hajui kusoma, na kila fimbo ilikuja na neno lile lile, jitu zima hovyo. Mpaka leo ni mtu mzima mwenye familia na ukimwita mbele za watu kusoma kitu jasho linamtoka. Kwaiyo kosa la yule mwalimu wa deikea na kosa la mkono na sikio mimi naliona ni moja, tofauti ni kwamba kule kwetu jioni kaka alirudi kwenye nyumba yenye bibi na majirani wanaomjua ni mdogo, na huku jioni tunarudi watatu tunafunga mlango.

Nilimpeleka pia kliniki ya kule kumpima uzito. Akaning'inizwa kwenye ule mzani kwa kile kifuko cha kitambaa, kilo 14 na nusu, vidole vya miguu vinakaribia kugusa benchi. Nesi akafurahi, akanipongeza kwa lishe. Nilipomwambia nilikuwa na wasiwasi kwamba ni mrefu mno alinishangaa kweli kweli, na nikamwelewa, maana adui yake yeye ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu, Iringa hiyo hiyo inayolisha watu mahindi. Mama anayelalamika urefu mbele ya nesi huyo ni kama analalamika mvua mbele ya mkulima wa Dodoma.

Hapo hapo niwaombe jambo wale wanaonishauri nimpunguzie chakula. Kuna shoga yangu wa hapa hapa aliniambia ni maziwa ya dukani ya Kimarekani, sisi Waafrika kwa asili watoto wetu hawawi hivi. Si kweli jamani. Hizi chati za Shirika la Afya Duniani zilizotoka 2006 walipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri, wakakuta wanakua karibu sawa. Mtoto mdogo wa Accra na wa Oslo wakipata haki zao wanakwenda pamoja. Daktari aliniambia wazi, uzito wake unaendana na urefu, usimnyime kitu. Na kwenye gari, kwenye kile kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, msiwageuze kutazama mbele eti miguu imekunjana, mimi nilitaka kufanya hivyo, nikaambiwa miguu kukunja haina shida, angalia kichwa kibaki angalau inchi moja chini ya ukingo wa juu wa kiti na uzito usizidi ulioandikwa.

Tangu tumerudi nimebadilisha mambo mawili. Nambeba. Supamaketi, kanisani, popote akinyoosha mikono nambeba na miguu yake inanipiga mapajani, wanaotazama watazame. La pili, nimeacha kucheka watu wakisema "mkubwa huyo", natulia nasema ana miaka miwili na miezi mitano, nasubiri mpaka nione wamesikia.

Jumanne ijayo ana mwalimu mwingine tena, nimeomba dakika kumi za kuongea naye kabla hajaanza. Nimepanga nianze na tarehe ya kuzaliwa kabla hata ya jina, na nimuonyeshe ile picha ya Korogwe. Wenye watoto warefu mlioko huku, ninyi mkikutana na mwalimu mpya mnaanzaje?