Kuta za Valletta, baraza za Mombasa

Watu wa nyumbani wakinipigia simu hawakosi kuniuliza: huko Ulaya kuna nini ambacho sisi hatuna? Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, na riziki yangu sasa iko Malta, kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily. Nitawajibu kwa kutumia vitu ambavyo pande zote mbili tunavyo: ngome, bandari na mji wa kale. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa kutunza mawe, Malta wametuacha mbali sana. Kwa kuwatunza watu wanaoishi baina ya mawe hayo, sisi bado tuna kitu ambacho wao kinawaponyoka, na tukizubaa kitatuponyoka na sisi.

Valletta ndio mji mkuu. Umekaa juu ya rasi nyembamba ya mawe, bahari pande tatu, na eneo lake lote halifiki kilomita moja ya mraba. Kutoka lango la mji hadi ngome ya St Elmo iliyoko nchani, ukitembea bila haraka, hutumii hata nusu saa. Lakini katika nusu saa hiyo unakanyaga karne nne na ushei.

Mji huu ulijengwa kwa hofu. Wapiganaji watawa wa Mtakatifu Yohane walifukuzwa kisiwa cha Rhodes na Waothmani, dola ya Waturuki, 1522, na 1530 Mfalme Charles V wa Uhispania akawapa Malta kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Waothmani wakawafuata. Mwaka 1565, kuanzia Mei hadi Septemba, walikizingira kisiwa. Ngome ya St Elmo ilianguka Juni baada ya mapigano ya takriban mwezi mzima, lakini kisiwa hakikuanguka. Walipoondoka, mkuu wa watawa hao, Jean de Valette, mzee wa miaka sabini hivi, aliamua kwamba kile kilima kitupu cha Sciberras, ulipo mji sasa, hakiachwi tena bila ulinzi. Papa akamletea mhandisi, Francesco Laparelli, Mtaliano aliyewahi kufanya kazi chini ya Michelangelo, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 28 Machi 1566. De Valette alifariki 1568, mji ukiwa bado vumbi na kelele za nyundo.

Sasa wewe wa Kibokoni, mtaa wetu wa Mji wa Kale, unayesoma hapa, usidhani hadithi hii haikuhusu. Hofu ya Waothmani ndiyo iliyotujengea Ngomeni, yaani Fort Jesus. Mwaka 1585 Amir Ali Bey, nahodha wa Waothmani, alishuka pwani yetu na miji kadhaa ikampokea. Aliporudi mara ya pili, Mreno alituma manowari kutoka Goa, akamkamata papo hapo Mombasa mwaka 1589. Miaka minne baadaye, 1593, ujenzi wa ngome ukaanza, na aliyeichora alikuwa Mtaliano pia, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Ndiyo maana mara ya kwanza niliposimama chini ya kuta za Valletta nilihisi nazijua. Ni elimu moja. Mnara wa duara huacha upofu mbele yake: adui akishafika chini kabisa ya ukuta, mzinga wa juu haumfikii. Buruji yenye pembe, yaani sehemu ya ngome inayochomoza nje ya ukuta, huondoa upofu huo, kwa sababu ubavu wa kila buruji hulindwa na mizinga ya buruji jirani. Ukuta nao haujengwi wima kama wa nyumba. Umelazwa kidogo, mnene, ili risasi ya mzinga ipoteze nguvu. Nenda Ngomeni ukaangalie pembe zile, kisha utazame picha za Valletta. Tofauti ni ukubwa tu, na rangi: letu ni jiwe la matumbawe, lao ni jiwe la chokaa la manjano ambalo jua la jioni hulifanya liwake.

Ukijaaliwa kuja, nisikilize: usiingie Valletta kwa basi. Nenda kwanza Birgu, ng'ambo ya Bandari Kuu, ambako watawa walikaa kabla ya Valletta kuwako. Iangalie ngome ya St Angelo, kisha panda kivuko kutoka Bormla uvuke. Mji huu ulikusudiwa utazamwe na mtu anayekuja kwa bahari, na kutoka majini ndipo unapoelewa adui alikuwa anaona nini: ukuta unaota juu ya mwamba hadi hujui mwamba umeishia wapi. Kivuko hutia nanga karibu na lifti inayokupandisha mita 58 hadi bustani ya Barrakka ya Juu. Fika kabla ya saa sita mchana. Saa sita kamili askari waliovaa sare za kale hulipua mzinga, na saa kumi alasiri hulipua tena. Njiwa wote huruka, watoto hulia, na moshi huteremka taratibu juu ya maji.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane usilikose, hata kama wewe ni Mwislamu kama mimi. Nje ni ukuta mkavu wa kijeshi, ndani ni dhahabu tupu. Chini ya miguu kuna makaburi ya marumaru ya watawa, kiasi cha mia nne, kila moja na nakshi zake. Katika chumba cha pembeni kuna picha ambayo Mtaliano Caravaggio aliichora 1608 ya kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, yaani Nabii Yahya. Kati ya picha zake zote, ni hii tu aliyoitia saini, na saini yenyewe ameiandika katika damu inayotoka shingoni mwa maiti. Muda mfupi baadaye mchoraji huyo, aliyekuwa ametawazwa kuwa mmoja wa watawa, alifungwa St Angelo kwa ugomvi, akatoroka. Nilisimama pale hadi mlinzi akatuomba tutoke.

Kwa kutunza mawe, basi, hawa watu wana nidhamu. Vita vya Pili vya Dunia viliiponda Valletta kwa mabomu ya Waitaliano na Wajerumani, na Aprili 1942 jumba la opera likabomolewa. Katika mwezi huohuo Mfalme George VI wa Uingereza alikitunuku kisiwa kizima Msalaba wa George, nishani ya ushujaa, ambao hadi leo uko kwenye bendera yao. Jumba lile la opera hawakulijenga upya kwa kuigiza lilivyokuwa. Walimpa kazi Renzo Piano, msanifu majengo Mtaliano, akaziacha nguzo zilizovunjika zisimame na katikati yake akaweka ukumbi usio na paa. Jirani yake likajengwa bunge, likafunguliwa 2015. Wapo Wamalta wasiolipenda bunge hilo hata kidogo. Mimi nalipenda, kwa sababu ni kazi ya leo isiyojifanya ya kale.

Kuna jambo moja la zamani ambalo ningependa kila mhandisi wa Mombasa alijue. Kanuni za kwanza za ujenzi wa Valletta zilimlazimisha kila mwenye nyumba achimbe birika la maji ya mvua chini ya nyumba yake. Malta haina mto hata mmoja. Siku hizi maji yao mengi hutoka baharini, husafishwa chumvi kwa mitambo, lakini mabirika yale yangalipo chini ya sakafu. Mombasa, mvua ya masika hutupiga wiki kwa wiki, maji yanatoka mapaani yanakwenda mtaroni, na kiangazi kikifika tunanunua mtungi kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Wazee wetu walikuwa wakiyakinga. Hata Ngomeni kuna birika. Elimu tulikuwa nayo, tukaiacha.

Na watoto. Hapa mwanafunzi hupewa kijitabu cha kuingilia makumbusho bure, tena anaweza kumchukua mzazi. Jumamosi unawakuta wavulana wa miaka kumi wanabishana kuhusu Dragut, amiri wa Waothmani aliyefia hapa 1565, kana kwamba alikufa jana. Wetu wangapi wanaweza kukuelezea kuhusu Bwana Daud wa Faza? Mwaka 1697, Waomani wakiwa wamezingira Ngomeni na Wareno waliokuwamo ndani wamekwisha kwa maradhi, Mswahili huyu ndiye aliyeshika amri ya ngome hadi msaada ulipofika. Kwamba alimtetea Mreno ni jambo la kujadiliwa, na lijadiliwe, lakini kwanza lijulikane.

Hapo ndipo sifa zangu kwa Malta zinapoanza kupungua, maana nao wana watu wasiowataja vya kutosha. Merikebu za watawa zilivutwa kwa makasia na watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, na Valletta kulikuwa na gereza kubwa la kuwalaza. Hali hiyo iliendelea hadi Napoleon alipoitwaa Malta 1798. Mgeni anaweza kuzunguka mji siku nzima, akaambiwa kila kitu kuhusu wakuu wa watawa, akaondoka bila kusikia kwamba sehemu ya mitaro na kuta alizopiga picha ilichongwa na mateka. Mimi hunikera kila nikipita.

Kazi yangu hapa ni kumtunza bibi mmoja mzee, ghorofa ya tatu, katika mojawapo ya njia za ngazi zinazoteremkia bandarini. Namwita Nanna, kama wajukuu zake wanavyomwita. Roshani yake ni ya mbao, imefungwa kwa vioo, rangi ya kijani, na ukiitazama haraka utadhani uko Ndia Kuu, kwetu Mji wa Kale. Ana kikapu chenye kamba ndefu. Muuza mkate akiita, tunakiteremsha na pesa ndani, kinapanda na mkate. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifanya vilevile kwa mahamri, na siku ya kwanza Nanna aliponikabidhi kamba ile machozi yalinitoka.

Lakini Nanna anasema zamani vikapu vilikuwa vikishuka kutoka kila roshani. Kabla ya vita zaidi ya watu 20,000 walikuwa wakilala ndani ya kuta hizi. Leo wamebaki kama 5,000. Mabomu yaliwaondoa wengine, ufinyu wa nyumba ukaondoa wengine, na sasa ni pesa ya wageni. Kwenye ngazi yetu, milango mingi ina kijisanduku cha chuma chenye tarakimu, na ndani yake ufunguo wa mgeni wa siku tatu. Usiku wa manane unasikia magurudumu ya masanduku yakigonga vidato, kimoja kimoja, kisha mlango unafungwa. Asubuhi hakuna wa kumsalimia. Nanna alipougua mwaka jana, aliyegonga mlango kumjulia hali alikuwa kasisi peke yake. Na kodi imepanda hivi kwamba wafanyakazi wageni wengi wanaouhudumia mji huu mchana, usiku hurudi kubanana vyumbani Marsa na Ħamrun, miji ya jirani.

Mji wa Kale wa Mombasa una taabu zake na sizifichi. Nyumba za matumbawe zinapasuka, milango ya nakshi inang'olewa na kuuzwa, ghorofa za saruji zinachomoza mahali ambapo hazikupaswa kupewa kibali, nyaya za umeme zimening'inia juu ya vichwa vya watoto. Bandari ya Kale imebaki na majahazi machache tangu mizigo ihamie Kilindini. Ila msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa 1570, karibu umri mmoja na Valletta, unaswaliwa leo, swala zote tano. Baraza zina watu. Mtu akifiwa, kabla maiti hajaoshwa njia nzima imeshajua, na masufuria yameshatoka. Mtoto akipotea hapotei kweli, kwani kila mlango unamjua ni wa nani. Mambo hayo hayanunuliwi kwa fedha za mradi wowote, na huku niliko nimeona yakitoweka katika umri wa mtu mmoja.

Ninachokitaka ni serikali yetu iige kanuni za Malta za mawe: asiguse mtu ukuta wa kale bila kibali, apewe ruzuku mwenye nyumba anayetengeneza kwa chokaa badala ya saruji, mwanafunzi aingie bure. Na papo hapo iwekwe idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kugeuzwa za wageni katika kila mtaa, kabla wawekezaji hawajazoea. Malta wameanza kuulizana jambo hili wakati ngazi zimeshakuwa tupu.

Na kwenu ndugu zangu wenye nyumba za urithi, hasa mlioko ughaibuni kama mimi: najua madalali wanawapigia simu, maana na mimi wananipigia. Nyumba ya marehemu babu yetu iko njia ya kuelekea Bandari ya Kale, warithi ni wengi, paa linavuja. Tumekubaliana tuchange kila mwezi, fundi aanze na paa kabla ya masika, na shangazi aendelee kukaa chini na meza yake ya viazi karai pale mlangoni. Mwenye kumjua fundi mzuri wa chokaa na boriti, aniletee namba yake.